Kwa nini riwaya hizi za upelelezi hazikosi paka na jiko? Na kwa nini Kigoma hatuna yetu?

#1 Msomaji wa Gungu

Habari za jioni wana jukwaa.

Kuna riwaya za upelelezi ambazo mpelelezi si askari wala jasusi. Ni mwoka mikate, mama mwenye mgahawa, karani wa posta, mwandishi wa gazeti la mji mdogo. Mtu anauawa kurasa za mwanzo, lakini damu huioni, matusi hamna, muuaji anajulikana, watu wanarudi mezani. Na karibu kila unayoifungua ina paka na ina jiko. Nyingine zinakuandikia hadi vipimo vya unga na sukari ili ukapike alichopika mpelelezi. Mfano ni Joanne Fluke wa Marekani: mpelelezi wake Hannah Swensen ana duka la biskuti katika mji wa kubuni huko Minnesota, anaishi na paka aitwaye Moishe. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2000 na vikafuatana vingi.

Maswali yangu ni mawili. Kwa nini paka, wakati anayenusa mhalifu tunajua ni mbwa? Na kwa nini jiko?

Halafu nina dai. Hapa Kigoma pana kila kinachohitajika: mji mdogo, mwisho wa reli, ziwa mlangoni, na kila mtu anajua jirani kapika nini leo. Riwaya ya namna hii ikiandikwa Kiswahili, mahali pake ni hapa. Nipeni hoja.

#2 Kibirizi Alfajiri

Paka yupo kwa sababu samaki yupo. Njoo mwaloni asubuhi dagaa wakianikwa uone. Hakuna anayejua ratiba ya watu wa Kibirizi kuliko wale paka: nani kashusha mzigo, nani kauza kwa mkopo, nani kafunga kibanda mapema. Wangeweza kusema tungehama mji.

#3 Binti Ujiji

Asante kwa uzi. Nianze na jiko, kwa sababu naona ndilo lenye kazi kubwa kuliko paka.

Shida ya mpelelezi asiye askari ni moja: ataingiaje nyumba za watu? Hana kitambulisho, hana hati ya upekuzi. Ukienda kwa mtu mikono mitupu ukamuuliza jana usiku ulikuwa wapi, atakuuliza wewe nani. Lakini ukibisha hodi na sahani iliyofunikwa kitambaa, utakaribishwa, utaletewa kigoda, na sahani haitarudi siku hiyo hiyo. Itabidi urudi kuifuata. Hapo tayari umeingia mara mbili, na mara ya pili umekuta watu hawajajiandaa.

Fikirieni mama anayeuza vitumbua alfajiri pale Ujiji. Anajua nani kanunua vya watu wawili wakati anaishi peke yake. Anajua nani hakununua leo. Anajua nani kalipa noti kubwa wakati wiki nzima alikuwa anakopa. Askari angehitaji mwezi mzima kuyakusanya hayo, yeye anayo kabla jua halijapanda. Kwa hiyo jiko si pambo la kitabu. Ndiyo ofisi ya mpelelezi.

#4 Mzee wa Reli

Binti Ujiji umesema vizuri, ila tusisahau historia. Paka hakuingia kwa sababu ya samaki wala sahani. Kuna mama mmoja, Lilian Jackson Braun, aliyefanya kazi katika gazeti la Detroit Free Press karibu miaka 30. Alikuwa na paka wa Kisiamu, paka huyo akafa kwa kuanguka kutoka dirisha la ghorofa ya kumi, na ikasemwa kwamba alisukumwa. Uchungu wa yule paka ndio aliouandikia hadithi, na baadaye riwaya. Ya kwanza ilitoka 1966. Mpelelezi ni mwandishi wa habari, Jim Qwilleran, na paka wake ni Koko na Yum Yum.

Sasa sikilizeni: alitoa tatu mfululizo, 1966 hadi 1968, kisha kimya hadi 1986. Mwenyewe alieleza kwamba wachapishaji walikuwa wamegeukia ngono na damu, vitabu vyake wakaviona vimepoa. Aliporudi wasomaji walimpokea kwa mikono miwili, hadi anafariki 2011 alikuwa na riwaya 29 za mfululizo huo. Wengine wakaona njia ipo, wakafuata. Paka na jiko ni soko, mabibi na mabwana.

#5 Mnyamwezi Halisi

Salaam kutoka Tabora. Naona mmeshajigawia riwaya kabla haijaandikwa! Mwisho wa reli hapafai kwa upelelezi, kwa sababu mtu akifika Kigoma hana pa kwenda isipokuwa majini. Tabora ndiyo njia panda: kuna reli ya kuja kwenu, ya Mwanza na ya Mpanda. Muuaji anashuka usiku, na mpelelezi lazima akisie kapanda treni ipi. Chakula tunacho pia: asali ya nyuki wadogo, matobolwa, maembe ya barabarani. Mpeni paka wetu asali muone upelelezi.

#6 Daktari wa Ng'ombe na Mbuzi

Mnyamwezi, paka hawezi kukusaidia kwenye asali. Paka hahisi utamu. Mwaka 2005 wanasayansi walionyesha kwamba jeni moja kati ya mbili zinazojenga kipokezi cha utamu kwenye ulimi imeharibika kwa jamii yote ya paka, kuanzia simba hadi wa jikoni kwako. Akilamba maziwa yenye sukari anafuata mafuta na protini.

Na kwa yeyote atakayeandika, naomba sana: vitunguu, kitunguu saumu na chokoleti ni sumu kwa paka, na kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua. Nimeletewa paka waliopewa kidonge na watu wenye huruma. Riwaya inayompa paka mabaki ya mchuzi wa vitunguu inafundisha watu vibaya.

#7 Mnyamwezi Halisi

Sawa daktari. Basi kwenye riwaya ya Tabora kazi atapewa mbwa. Lakini njia panda hamjaijibu.

#8 Mwana wa Kasingirima

Mimi naona tunaruka kitu. Msomaji kauliza kwa nini hatuna yetu. Jibu ni kwamba paka kwetu ana sura mbili, na mwandishi atashindwa kuchagua.

Kwa upande mmoja ni mwenyeji. Dini imemfungulia mlango: Mtume kafundisha kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani, na swahaba mashuhuri Abu Hurayra jina lake linatokana na kapaka. Ndiyo maana nyumba za Ujiji paka analala hata juu ya mkeka wa swala na hafukuzwi. Wazee wanasema paka wa nyumba haingwa.

Kwa upande mwingine, paka mweusi akilia juu ya bati usiku wa manane, nyumba hiyo hiyo inasoma dua. Ukimweka paka kwenye riwaya ya mauaji, nusu ya wasomaji watasema muuaji ni yeye, au aliyemtuma. Mpelelezi atakosa kazi.

#9 Msomaji wa Gungu

Mwana wa Kasingirima, hiyo ndiyo nguvu yake! Mtaa mzima unaamini ni uchawi, paka kaonekana juu ya bati la marehemu, na mpelelezi peke yake anauliza: alipanda kufuata nini? Mwenzetu, mwandishi Muhammed Said Abdulla, alifanya hivyo hivyo bila paka. Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapwa 1960, watu wanaanza na hofu ya mzimu, mpelelezi wake Bwana Msa anakaa na kiko chake anatafuta mkono wa binadamu.

#10 Mpenda Joram

Hapo mmefika nyumbani kwangu. Mnasema Kigoma haina upelelezi, mmemsahau mwandishi Ben Mtobwa? Kazaliwa mkoa huu huu 1958, katutoka 2008. Mpelelezi wake Joram Kiango hakuhitaji paka wala kitumbua. Tuliokua tukisoma vile vitabu kwa zamu, karatasi zimechakaa, ukurasa wa mwisho umekatika ukamtafuta mtu akusimulie, tulitaka mbio, ndege, hoteli kubwa, bastola. Willy Gamba, jasusi wa mwandishi Musiba, vivyo hivyo. Hiyo ndiyo ladha ya msomaji wa Kiswahili. Mama wa vitumbua anayehoji majirani nitamsoma kurasa tatu nilale.

#11 Binti Ujiji

Mpenda Joram, hakuna aliyemsahau Mtobwa, na mimi nampenda. Lakini ladha hiyo ni ya kipindi. Abdulla alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa riwaya ya mtu anayekaa, anafikiri, anauliza maswali. Hakuna bastola inayokimbizana na ndege. Mbio zilikuja baadaye. Kama zilikuja, zinaweza kupisha kingine.

Na tuulizane: wasomaji wa zile riwaya za bastola walikuwa akina nani? Mama yangu hakuzisoma. Alikuwa anasimuliwa kesi za mtaani pale kibarazani na alizichambua kuliko mwanasheria. Msomaji huyo hakuandikiwa.

#12 Mama Mawese

Naomba nichangie kisa cha kweli, kimetokea nyumbani kwetu Mwanga.

Tulikuwa tunahifadhi madumu ya mawese kwenye stoo ya uani. Dumu moja likapotea. Kufuli zima, dirisha zima. Kila mtu akaanza kumtazama binti wa kazi, na mimi nikiri roho iliniuma kwa sababu yule mtoto ni mwaminifu. Asubuhi ya pili mdogo wangu anafagia uani akaona alama nyekundu ndogo ndogo kwenye saruji. Nyayo za paka. Mawese yalikuwa yamemwagika kidogo wakati dumu linatolewa, paka akakanyaga, akamfuata mwizi kwa sababu ya harufu. Alama zinatoka stoo, zinapita chini ya mlango wa nyuma ambao hatuutumii, zinaingia ua wa pili, na pale ukutani kuna doa la dumu lilipotuliwa. Aliyechukua alikuwa ndugu wa damu mwenye ufunguo wa zamani. Hatukumpeleka popote, mambo yaliisha kifamilia, ila binti wa kazi aliombwa msamaha mbele ya wote.

Kwa hiyo msiniambie paka hapelelezi.

#13 Daktari wa Ng'ombe na Mbuzi

Mama Mawese kisa kizuri mno. Ila kwa haki, paka hakupeleleza. Aliyepeleleza ni mdogo wako aliyeinama na ufagio. Paka alikuwepo tu.

#14 Mama Mawese

Daktari, kuwepo ndiyo kazi yenyewe. Sisi wote tulikuwa tumelala.

#15 Nesi wa Zamu ya Usiku

Hoja ya Mama Mawese inanikumbusha hadithi ya Edgar Allan Poe ya 1843: mtu kamuua mkewe, kamjengea ukutani, polisi wamekagua wanaondoka, na mlio wa paka ndani ya ukuta ndio unaomfichua. Yule paka hakupeleleza chochote. Alifungiwa kwa bahati mbaya, akalia. Kwa hiyo paka shahidi ni wa zamani kuliko mama wa Detroit, Mzee wa Reli.

Kuhusu jiko nina jibu tofauti na la Binti Ujiji. Chakula kipo kwa sababu ndipo sumu inapopita. Agatha Christie alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay wakati wa Vita vya Kwanza, akazijua sumu kwa kipimo. Riwaya yake ya kwanza, 1920, ni ya sumu. Katika moja ya 1953 sumu imewekwa kwenye jemu ya machungwa ya kifungua kinywa. Unaelewa ujanja wake? Bastola inahitaji muuaji awepo. Jemu inamruhusu awe mbali, amevaa vizuri, anakunywa chai.

Na hapa Kigoma hatuhitaji kwenda dukani kununua sumu. Muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha na kuanikwa vizuri unatoa sayanidi. Kila mama hapa anajua muhogo upi ni wa kuloweka. Ndiyo kusema ugali ukimdhuru mtu, swali la kwanza ni: aliyeusaga hakujua, au alijua? Riwaya nzima iko ndani ya swali hilo.

#16 Kibirizi Alfajiri

Nesi umenifanya nitazame ugali wangu wa leo vingine kabisa.

#17 Mzee wa Reli

Nesi, Poe nakupa. Lakini ule ni utisho, si hizi riwaya za kustarehe. Msomaji wa Poe hafungi kitabu akaenda kuoka mkate.

Nami niongeze mahali. Msiache Liemba. Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa vipande vipande, reli yenyewe imefika Kigoma 1914. Waingereza wakaizamisha vitani, ikaja kuopolewa. Weka abiria wachache, mpishi, paka wa melini anayekamata panya wa mahindi, mtu mmoja hashuki bandari inayofuata.

#18 Karani wa Bandari

Mzee wa Reli, Waingereza hawakuizamisha. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wanaondoka, na mitambo waliipaka grisi kwanza wakitumaini kurudi. Ndiyo maana ilipoinuliwa 1924 ilikuwa bado na uhai. Jina Liemba ilipewa 1927. Kuna funzo la upelelezi hapo: mtu anayepaka grisi kitu anachokizamisha ana nia ya kurudi.

#19 Msomaji wa Gungu

Karani, hiyo grisi naiomba niitumie!

#20 Shangazi wa Katubuka

Jamani niseme neno moja ambalo halijasemwa. Hizi riwaya za wenzetu, mtu akifa, wiki haijaisha watu wanakula keki wanacheka. Kwetu haiwezekani. Mtu akifa hapa kuna turubai, kuna mikeka, masufuria makubwa yanaazimwa mtaa mzima, wanawake wanapika usiku na mchana, wanaume wanakaa nje. Mauaji yanayostarehesha kwetu hayapo, na mimi singependa yawepo. Kifo ni kizito.

Lakini hapo hapo kuna kitu. Msibani ndipo watu wote wa marehemu wanapokutana mahali pamoja, wanaopendana na wasioongea. Na wote wanakula kutoka sufuria moja. Jikoni msibani panasemwa mambo ambayo mahakamani hayafiki: nani alimdai, nani alikuja kumwona hospitali, nani amelia sana kupita uhusiano wake. Mpelelezi akikaa anamenya viazi na wenzake siku tatu, anatoka na kila kitu. Mwandishi akiuheshimu uzito huo, akaacha kucheka, atapata riwaya ambayo Marekani hawawezi kuiandika.

#21 Binti Ujiji

Shangazi, shikamoo. Umenisogeza. Sahani yangu iliyofunikwa nairudisha kabatini, sufuria la msibani limeishinda.

#22 Shangazi wa Katubuka

Marahaba mwanangu. Usiirudishe, utaihitaji siku ya arobaini.

#23 Mpenda Joram

Kwa hiyo tumekubaliana kwamba mpelelezi ni mmenya viazi. Haya. Paka anafanya nini msibani? Anafukuzwa na mwiko tangu asubuhi.

#24 Mwana wa Kasingirima

Anafukuzwa, ndiyo. Na kila anapofukuzwa anakwenda mahali pengine, na hapo ndipo mwandishi anapompeleka msomaji. Binadamu msibani amefungwa na adabu: hawezi kuinuka, hawezi kuingia chumba cha marehemu, hawezi kupekua. Paka hana adabu hiyo. Anaingia.

Yule mwandishi Rita Mae Brown, anayemtaja paka wake kuwa mwandishi mwenza tangu 1990, anawaacha wanyama wazungumze wao kwa wao na binadamu wasiwaelewe. Mimi hilo silipendi kwa riwaya yetu. Paka asizungumze. Akizungumza, ule upande wa uchawi unashinda.

#25 Msomaji wa Gungu

Nimeona nianze kuiunda hadithi kwa mifupa tu, mniambie inaposimama na inapoanguka.

Ni Juni. Ziwa limefungwa, maana tangu 2024 nchi nne zinazozunguka Tanganyika zilikubaliana kupumzisha uvuvi kati ya 15 Mei na 15 Agosti. Mchuuzi mmoja wa samaki amekufa, watu wanasema ni tumbo. Msiba uko Katonga. Paka wa nyumba anaingia jikoni na kichwa cha mgebuka mdomoni. Wamama wanamfukuza. Mmoja tu anajiuliza: mgebuka haupatikani popote duniani ila ziwa hili. Ziwa limefungwa. Kichwa kimetoka wapi? Anayevua kwa siri ndiye aliyekuwa na sababu ya kumnyamazisha mchuuzi.

#26 Kibirizi Alfajiri

Msomaji umejitahidi lakini hapo umeanguka. Mgebuka mkavu upo mwaka mzima, watu wanaweka akiba kabla ziwa halijafungwa. Na wenye friza wanagandisha. Kichwa peke yake hakithibitishi kitu.

#27 Nesi wa Zamu ya Usiku

Kichwa cha mkavu na cha mbichi mama wa Katonga anavitofautisha gizani. Swali ni la friza tu. Mtaa huo nani ana friza, na umeme ulikatika lini mara ya mwisho?

#28 Karani wa Bandari

Na kwa nini iwe samaki mbichi wa wizi? Weka mwezi. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa, mwezi ukiwa mpevu samaki hawakusanyiki kwenye mwanga, mitumbwi inapumzika. Mshukiwa anasema usiku ule nilikuwa majini navua dagaa. Mpelelezi anatazama kalenda. Kesi imekwisha, ziwa halihitaji kufungwa.

#29 Kibirizi Alfajiri

Karani, wa mishipi hawangoji giza. Atasema alikwenda kuvua kuhe kwa ndoano.

#30 Karani wa Bandari

Basi aonyeshe kuhe.

#31 Mnyamwezi Halisi

Aonyeshe kuhe, au aonyeshe tiketi ya treni. Nimesema tangu mwanzo.

#32 Mama Mawese

Msimsahau paka kwenye hiyo kalenda yenu. Usiku wa mbalamwezi paka hakai ndani. Mkimwandika amelala jikoni usiku huo nitajua mwandishi hajawahi kufuga.

#33 Daktari wa Ng'ombe na Mbuzi

Hilo linategemea kama kahasiwa. Aliyehasiwa anazurura kidogo zaidi.

#34 Mama Mawese

Wa Katonga kahasiwa na nani, daktari?